Tambi za Kima kwa Nusu Saa

(Mazungumzo na vijana wa kike na wa kiume baada ya sala ya Alasiri, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani)

 

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana wa kiume mliojazana pale karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya upishi wa Ramadhani. Nikajiuliza, niwafundishe nini watu hawa? Sambusa mnazijua. Kaimati mnazijua, viazi karai mnavijua, na mbaazi za nazi hapa hakuna wa kufundishwa. Basi leo nimekuja na chakula kimoja tu: tambi za kima kwa mtindo wa Asia ya Mashariki. Ni chakula cha usiku, kinaiva kwa nusu saa, na nimekichagua kwa sababu.

Tazameni saa za nyumba zetu. Mwezi wa Ramadhani mama akishasali Alasiri huingia jikoni, hatoki mpaka adhana ya Magharibi. Watu wakishafuturu, wao wanasali, wanajinyoosha kidogo, wanatoka kwenda tarawehe. Yeye anarudi kule kule kupika cha usiku, maana kwetu futari ni futari na chakula cha usiku ni chakula cha usiku. Imamu amefika rakaa ya nane, mama bado anakuna nazi. Mwisho wa mwezi muulize amesali tarawehe ngapi kwa utulivu, atakuhesabia kwa vidole vya mkono mmoja. Na kumi la mwisho ndilo zito zaidi, kwa sababu hapo pana keki na vileja vya Idi pia.

Sisemi tuache pilau. Nani atanisikiliza nikisema hivyo? Nasema siku mbili tatu katika wiki, nyumba ile ipikwe chakula cha nusu saa, na apike mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ndiye niliyemjia leo. Wewe wa miaka kumi na sita, wewe uliyemaliza fomu four unangoja matokeo, wewe mwenye mikono miwili na nguvu zako. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Kwa hiyo asije mtu akaniambia jikoni si mahali pa mwanamume.

Halafu wako wenzetu wanaosoma mbali, Nairobi, Eldoret, wamepanga chumba kimoja na jiko moja la gesi. Najua mnafuturu nini: chai, mkate, na kulala. Chakula hiki kinapikika kwenye moto mmoja.

Sasa tuelewane maneno. Nikisema tambi, nyanya zetu watafikiria zile nyembamba za sukari, nazi na iliki. Siyo hizo. Nasema tambi ndefu za ngano, zile za mayai zinazouzwa kavu katika maduka makubwa, au hata zile za pakiti za kuchemsha dakika mbili. Na kima ni nyama ya ng'ombe ya kusaga. Siyo yule wa mtini.

Chakula hiki si kigeni kwa Waislamu, ingawa kwetu ni kigeni. Kule China vyakula vingi vya tambi na nyama ya kusaga hupikwa kwa nyama ya nguruwe. Ukifungua kitabu cha mapishi ya Kichina ndivyo utakavyokuta, wala usishtuke ukafunga kitabu. Waislamu wa kule, Wahui, wamekaa na majirani zao karne nyingi, wakachukua tambi zile zile wakatia ng'ombe au kondoo. Beijing kuna tambi zinazomwagiwa kima iliyokaangwa na soya iliyochachishwa, na katika mikahawa ya Waislamu kima ile ni ya ng'ombe au kondoo. Mji wa Lanzhou, katika jimbo la Gansu, umepata jina China nzima kwa supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, na chakula hicho asili yake ni cha Wahui. Mikahawa yao hubandika mlangoni maneno mawili, qing zhen, na Mwislamu msafiri akiyaona anajua hapa anakula. Hata yule jemadari wa baharini Zheng He, ambaye merikebu zake zilifika pwani yetu hii katika karne ya 15, alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu wa Yunnan. Hayo ya twiga wa Malindi aliyepelekwa China mwaka 1415 mlisoma shuleni, nayapita.

Zile za pakiti ni jambo la juzi tu. Alizibuni Momofuku Ando huko Japani mwaka 1958. Alizikaanga tambi ndani ya mafuta ili zikauke, halafu maji ya moto yazirudishe. Tambi zenyewe hazina ubaya mkubwa. Maneno yako kwenye kile kijipakiti cha unga, nami nitakirudia.

Kabla ya moto, twende dukani, kwa maana hapa ndipo watu wanapokosea. Kinachokipa chakula hiki ladha yake ni sosi ya soya. Asili yake ni maharage ya soya, ngano, chumvi na maji, vinavyoachwa vichache kwa miezi. Na kitu kikichacha kwa njia hiyo hutoa pombe kidogo chenyewe, kama asilimia moja na nusu hadi mbili katika soya iliyotengenezwa kwa njia ya asili. Aina za bei nafuu mara nyingi hutengenezwa kiwandani kwa njia ya haraka bila kuchachishwa, na hizo hazina jambo hilo. Nyingine tena huongezwa pombe makusudi ili zisiharibike, na huandikwa pale nyuma ya chupa. Wanavyuoni wamelizungumza suala la ile inayojitokeza yenyewe na hawakuwa na kauli moja. Mimi ni mpishi, sitoi fatwa. Muulize sheikh unayemwamini. Ninachoweza kukuambia ni hiki: igeuze chupa, soma, na utafute alama ya halali. Chupa nyingi zitokazo Malaysia zina alama ya JAKIM, na hapa kwetu ziko bidhaa zilizothibitishwa na ofisi zetu za halali.

Lakini kuna mambo mawili ambayo hayana mjadala. Mapishi mengi ya Kichina hutaja divai ya mchele, na ya Kijapani hutaja kitu kinaitwa mirin, ambayo ile ya asili ina pombe kama asilimia 14. Hizo ziache kabisa. Utasikia mtu anasema, "Ah, moto unaiondoa yote." Si kweli. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba pombe ikichanganywa katika chakula na kuchemshwa nusu saa nzima, karibu asilimia 35 yake hubakia. Na sisi hapa tunapika kwa dakika chache tu. Badala yake tutatumia siki kidogo na sukari, na hutakosa kitu ulimini.

La pili ni kile kijipakiti cha unga. Kimeandikwa "ladha ya ng'ombe" au "ladha ya kuku". Ng'ombe gani? Kachinjwa na nani? Kama pakiti haina alama ya halali, acha. Na hata ikiwa nayo, mimi kwa chakula hiki nakitupa, kwa sababu ya chumvi. Pakiti moja ya tambi hizi mara nyingi ina gramu 3 hadi 5 za chumvi, na nyingi imo mle kwenye unga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Mtu aliyekaa bila maji tangu alfajiri, unamfungulia na chumvi ya siku nzima katika bakuli moja, na kesho afunge tena!

Haya, vitu vyenyewe. Kwa watu watano chukua nusu kilo ya kima, na tambi kavu gramu 300 hivi. Nenda kwa muuza nyama, mwambie akusagie mbele ya macho yako, nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, isiwe kavu sana. Karoti mbili, robo ya kabeji, pilipili boga moja, na fungu la vitunguu vya majani. Tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba. Thomu punje tano. Pilipili mbichi kwa kadiri ya ujasiri wako.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu unapika hali umefunga. Huonji. Mambo ya kuonja na kutema waulizwe masheikh, mimi nataka usihitaji kuonja. Kwa hiyo sosi tunaipima kwa kijiko, wala hatukisii kama tunavyokisia mchuzi wa nazi. Chukua kikombe, tia vijiko vinne vya chakula vya soya. Sukari kijiko kimoja na nusu cha chakula. Siki kijiko kimoja cha chakula. Konflawa vijiko viwili vya chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, na maji nusu kikombe. Koroga. Chumvi usitie hata chembe. Kijiko kimoja cha chakula cha soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na hapa vimo vinne. Ukipima hivi, adhana itakapoadhiniwa utakuta chakula kimekaa sawa, bila ya wewe kukigusa kwa ulimi.

Katakata kila kitu kwanza. Wapishi wa kule hawawashi moto mpaka kila kitu kimekaa mezani, kwa sababu moto wao ni mkali na mambo yanakwenda mbio. Sisi tumezoea kukata kitunguu huku mafuta yanaungua. Leo hapana. Kabeji ikatwe nyembamba kama ya kachumbari, karoti vijiti vyembamba, pilipili boga hivyo hivyo. Tangawizi na thomu zitwangwe pamoja. Vitunguu vya majani, sehemu nyeupe weka kando na majani kando. Kazi hii ni dakika kumi, na mkiwa wawili ni tano.

Chemsha maji mengi, tia tambi. Za mayai zinataka kama dakika nne, za pakiti mbili. Zitoe zikiwa bado zina ugumu kidogo ndani, kwa sababu zitaiva tena kwenye karai. Zimwage kwenye chujio, zimwagie maji baridi zisishikane, uzipake kijiko kimoja cha mafuta kwa mkono.

Na kama dukani kwenu hakuna tambi za mayai, kuna spageti tu? Hapa nina siri, nayo ni nzuri. Zile tambi za Kichina zina unyumbufu fulani na rangi ya manjano hata kama hazina yai, kwa sababu wanatia magadi kwenye unga. Naam, magadi, ndugu yake huyu huyu wa Ziwa Magadi. Zamani kule Lanzhou walipata magadi yao kwa kuchoma mmea wa jangwani na kutumia jivu lake. Wewe chemsha spageti yako kwa maji yenye bikaboneti ya soda, ile ya vijipakiti vya dukani, vijiko viwili vya chai kwa kila lita ya maji. Sufuria iwe kubwa na usiondoke, kwa sababu itafoka mapovu mpaka juu. Zikiiva, zioshe vizuri kwa maji. Utaona zimebadilika, zinanyumbuka kama zimetoka mkahawani.

Sasa kima. Hapa ndipo pana kazi, mengine yote ni mapambo. Najua mama zetu wengi huosha kima. Kama ni lazima uioshe, basi iweke kwenye chujio na uikamue mpaka isidondoke tena, kwa sababu maji ndiyo adui wa chakula hiki. Weka karai kwenye moto mkali, karai tupu, mpaka ukinyunyizia tone la maji linaruka. Tia vijiko viwili vya mafuta. Tia kima, itandaze, kisha ondoa mkono. Usikoroge! Mkono wako utawasha, utataka kukoroga, uzuie. Dakika mbili au tatu. Upande wa chini ufanye rangi ya hudhurungi, ndipo uigeuze na kuivunjavunja.

Kwanza itatoa maji na utasikia sauti ya kuchemka. Ngoja. Maji yakikauka sauti itabadilika, itakuwa sauti ya kukaanga, kali zaidi, na harufu itabadilika pia. Mtu wa sebuleni atauliza kuna nini huko. Kima iliyochemka kwa maji yake ni ya kijivu na haina ladha, ndiyo ile mnayoila kwenye sambusa za kununua barabarani. Iliyokaangwa ni kitu kingine. Hakikisha hakuna wekundu wowote uliobaki. Nyama ya kusaga si kama pande la nyama: vijidudu vilivyokuwa juu vimeshachanganywa ndani na mashine, kwa hiyo lazima iive yote mpaka kati.

Isogeze kando, tia tangawizi, thomu, pilipili na vile vyeupe vya vitunguu. Dakika moja, thomu isiungue. Tia karoti, kisha kabeji na pilipili boga, geuzageuza dakika mbili, mboga zibaki na mlio zikitafunwa. Koroga tena kile kikombe cha sosi, kwa sababu konflawa imeshakaa chini, umimine. Itachemka na kuwa nzito mara moja, ing'ae. Hapo hapo tia tambi. Tumia vijiko viwili vikubwa, unanyanyua na kuangusha, unanyanyua na kuangusha, mpaka kila utambi umepata sosi. Dakika moja inatosha. Zima moto. Nyunyizia majani ya vitunguu, na ukiwa nayo, tia mafuta ya simsim kijiko kimoja cha chai. Ndimu kamulia mezani.

Hesabuni: kukata dakika kumi, tambi tano, karai kumi. Ikiwa jiko ni la makaa ongeza kidogo, na hakikisha makaa yameshika vizuri kabla ya kima. Ukianza saa kumi na mbili kasoro unamaliza kabla ya Magharibi na kunawa mikono. Au kata kila kitu mchana, weka ndani ya friji, watu wakifuturu tende na uji wakasali, wewe uende karai kwa dakika kumi na tano. Isha ikiingia vyombo viko mezani vitupu, na mama ameshavaa buibui yake anangoja wenzake waende msikitini.

Maswali machache niliyoandikiwa, niyajibu haraka.

Dada mmoja anauliza, mumewe asipoona wali hasemi amekula. Mpikie wali, umwagie kima hiyo hiyo juu yake bila tambi. Maji ya sosi yawe kikombe kimoja badala ya nusu. Hatalalamika.

Mwingine anauliza kama kilichobaki kinafaa kwa daku. Mimi nasema hapana. Chumvi yake utaijua saa sita mchana, koo limekauka na Magharibi iko mbali. Daku iwe ya kitu kisicho na chumvi nyingi, na maji. Kilichobaki kisikae mezani usiku kucha na kawa juu yake, joto letu la pwani halina huruma. Ndani ya saa mbili kiwe kimeingia friji, na kesho kipashwe moto mpaka kitoe mvuke. Huko hosteli hamna friji, kwa hiyo pikeni robo kilo mmalize.

Kijana wa huko nyuma ameandika, je, unaweza kutia nyama ya kopo? Mwanangu, unaweza kutia unachotaka, lakini usiseme nilikufundisha mimi. Tumia dengu zilizochemshwa ukikosa nyama, zikaushe na uzikaange vile vile. Hizo nitakuja kuonja.

Na swali la mwisho, halina jina lakini naona mwandiko ni wa mvulana: aliyepika ndiye anayeosha karai? Hapana. Aliyepika haoshi. Gawaneni wenyewe, adhana inakaribia.